Je, Wajua? Tufaha la kijani liliota penye mabaki

Lile tufaha la kijani linalotia meno ganzi lina mwenyewe. Granny Smith maana yake Bibi Smith, na bibi huyo alikuwepo kweli: Maria Ann Smith, mkulima wa karibu na Sydney, Australia. Mwaka 1868 aliwaonyesha majirani mche uliojiotea pale alipotupa mabaki ya matufaha. Alifariki 1870, tunda lake likiwa bado halijavuma.

Ukipanda mbegu za tunda hilo hutapata tufaha lilelile. Utapata mti mwingine kabisa, pengine wa matunda yasiyolika. Ndiyo maana mitufaha hubebeshwa: kikonyo cha mti unaoupenda hufungwa juu ya shina la mche mwingine, vishikane.

Kwa njia hiyo Ashmead's Kernel, tufaha la Gloucester, Uingereza, limedumu miaka takriban 300. Sura hana, maskini. Ganda ni la kahawia, kavu, linakwaruza. Ukiliona gengeni utadhani kiazi. Liume sasa: utamu na ukali vinakuja pamoja. Mimi ningeliacha jekundu linalong'aa nikachukua hilo. Na chaguo si hayo mawili tu: huko Brogdale, Kent, Uingereza, hutunzwa aina zaidi ya 2,000 za matufaha. Dukani kwetu ukikuta nne, una bahati.