Mwaka Mpya: Nyumba Imefagiliwa, Mama Je?



Mwaka mpya hauanzi siku moja duniani kote. Waethiopia kwa kawaida huuanza tarehe 11 Septemba, Wairani mwezi wa Machi, na Wachina kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Lakini ukichungulia ndani ya nyumba zao utaona jambo moja: kazi kubwa ya sikukuu iko mikononi mwa mama. Hebu tuwatazame wenzetu, tuone la kujifunza.

Kutikisa nyumba

Nchini Iran mwaka huanza usiku na mchana vinapolingana, tarehe 20 au 21 Machi. Siku hiyo huitwa Nowruz. Wiki kadhaa kabla yake huja kazi ambayo wao huiita "kutikisa nyumba". Mazulia hufuliwa, mapazia hushushwa, makabati huhamishwa. Siku ya 13 familia nzima hutoka kwenda kula chakula nje, penye majani na maji.

Kumaliza hasira

Jina hilo ndilo Nairuzi ya Waswahili, iliyofika pwani yetu kwa njia ya bahari. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe hiyo huitwa Mwaka Kogwa, nayo hufanyika mwezi wa Julai. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa vipande vya migomba ili hasira za mwaka mzima ziishie uwanjani. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Akina mama huvaa nguo zao nzuri na kuimba, na chakula hupikwa cha kuwatosha wageni pia.

Kulipa madeni

Wachina nao hufagia nyumba kabla ya mwaka kugeuka. Siku ya kwanza ufagio huwekwa kando, maana wanasema utafagia baraka zitoke nje. Desturi yao nyingine ni kujitahidi kulipa madeni mapema, ili mwaka usianze na mtu anayebisha hodi kudai.

Jiko linapopumzika

Japani imesherehekea tarehe 1 Januari tangu 1873. Chakula cha sikukuu, osechi, hupangwa katika masanduku yanayobebana. Hutiwa sukari, chumvi au siki ili kikae siku tatu bila kuharibika. Wazee husema sababu yake ni kwamba jiko lipumzike, na mama pia. Ni kweli kwamba hupika sana siku zinazotangulia, ndiyo maana wengi siku hizi hununua osechi iliyo tayari.

Wajapani pia hula mochi, keki za mchele unaonata. Kila mwaka wapo wazee wanaopaliwa nazo, hata wengine hufa, kwa hiyo watu huonywa wazikate vipande vidogo. Nasi tukumbuke hilo tunapowapa bibi na watoto wadogo nyama ya sikukuu.

Na sisi je?

Kwetu, wengi hutoka kwenye mkesha alfajiri na kwenda moja kwa moja jikoni. Wageni wakiondoka, ada za shule zinasubiri. Sisi wauguzi tunaofanya kazi Januari huwapokea akina mama wenye maumivu ya kichwa na mgongo, na waliokosa usingizi. Tukiwauliza walipumzika lini, wengi hucheka tu.

Akina mama wenzetu, kupumzika si uvivu. Mwaka huu tujaribu haya:

1. Tugawe kazi wiki moja kabla. Watoto wa kiume nao wanaweza kuosha vyombo na kuchambua mchele.
2. Tukae na baba watoto, tutenge ada kabla ya kununua nguo za sikukuu.
3. Kama kuna jirani au wifi tusiyesalimiana naye, tumwendee kabla ya tarehe 31.
4. Tuchague siku moja ya kula viporo vilivyohifadhiwa vizuri na kupashwa moto hadi vichemke, ili mama alale mchana.

Nyumba safi inapendeza. Lakini mama mwenye afya ndiye atakayeifagia tena mwakani.