Akifa mwokoaji, familia inabaki na nani? (Sehemu ya pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na namba yake ya dharura, 114. Leo tunaingia kwenye swali zito zaidi: yule aliyekimbilia kuokoa asiporudi, nani anasimama na mkewe, wanawe na wazazi wake?

Kata yetu ya Bagara haiwezi kulikwepa swali hili. Barabara za kutoka Arusha, Dodoma na Singida zinakutana hapa Babati, na malori na mabasi hupita usiku na mchana. Gari likipinduka, wa kwanza kufika ni vijana wa bodaboda, mama lishe wa kando ya barabara, mkulima aliyekuwa akirudi kutoka shambani. Huvuta majeruhi kwa mikono mitupu, gizani, huku magari mengine yakiendelea kupita kwa kasi. Januari 2025, Segera wilayani Handeni, watu waliokusanyika kwenye ajali wakisaidia majeruhi waligongwa na lori, na watu 11 wakafa. 

Hata ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliotangulia kuifikia. Kwa hiyo katika nchi yetu, neno mwokoaji lisiishie kwa mwenye sare.

Na hapo ndipo tofauti kubwa inapoanza. Muuguzi au dereva wa gari la wagonjwa ana mwajiri. Akifa kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 kwa michango ya waajiri. Unagharimia mazishi na kuwalipa wategemezi pensheni. Familia nyingi hazijui haki hiyo ipo, au huchelewa kutoa taarifa, ilhali sheria imeweka muda wa miezi 12. Mjane akiwa bado kwenye majonzi, ni vema ndugu mwenye uzoefu wa ofisi amsindikize kwa mwajiri mapema, akiwa na cheti cha kifo cha RITA, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Bodaboda aliyekufa akimtoa abiria kwenye basi hana mwajiri wa kumwandikia barua. Marekani ina sheria ya mwaka 1976 ya kuzifidia familia za askari na wazimamoto waliokufa kazini, na wazimamoto wa kujitolea wamo pia. Sisi tunao waokoaji wa kujitolea kila wilaya, na naamini nchi yetu inapaswa kufika huko.

Kwa sasa wanaobeba mzigo ni majirani, na Bagara inajua kuubeba. Taarifa ikifika, mwenyekiti wa mtaa huitisha kikao, kamati ya msiba huundwa, daftari la rambirambi hufunguliwa. Kinamama huleta unga, maharage na kuni. Wenzake wa kijiweni huchangishana, na kikundi cha kufa na kuzikana hutoa fungu lake. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji jirani, mkoa wetu mzima wa Manyara ulionyesha moyo huo, na msaada ukaja kutoka kila kona ya nchi.

Tatizo letu linaanza baada ya maturubai kuondolewa. Sehemu kubwa ya michango huishia kwenye jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji. Kamati husoma hesabu, hukabidhi kilichobaki, huvunjwa. Ukifika mwezi wa tatu baada ya msiba, mjane yuko peke yake. Ada ya shule za serikali imefutwa hadi kidato cha sita tangu 2022, lakini sare, madaftari, chakula cha shuleni na nauli havijafutwa. Shamba la mahindi na mbaazi linangoja jembe. Pikipiki ya marehemu, pengine ya mkopo, inadaiwa. Na wakati huo huo baadhi ya mashemeji huanza kuulizia kiwanja.

Hili la kiwanja lisemwe waziwazi. Msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hukusanya mali, hulipa madeni na kugawa kwa warithi. Mali haiwi yake. Mjumbe mmoja wa kamati ya msiba, asiye ndugu wa marehemu, akihudhuria kikao cha ukoo na kumsindikiza mjane mahakamani, dhuluma nyingi zitakosa pa kuanzia.

Pendekezo langu ni kamati isivunjwe kabla ya mwaka. Sehemu ya rambirambi itengwe siku ile ile ya kwanza, iwekwe kwenye akaunti yenye saini ya mjane, na itumike kwa watoto pekee. Chakula cha msibani kipungue. Marehemu hatadharauliwa kwa wali bila nyama. Msimu wa kupanda ukifika, kijiwe chake kitoe siku moja shambani kwake. Mkutano wa mtaa unaweza kuyapitisha haya kwa ajenda moja, kabla msiba haujatokea.

Sehemu ya tatu itaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo.