Daktari Mwenye Kigoda cha Kuazima

Katika vijia vya Mashimoni, Kibera, habari kwamba mtoto wa fulani amepata nafasi ya kusomea upasuaji Marekani haikawii kufika ng'ambo ya reli. Chai inatiwa jikoni, majirani wanaingia mmoja mmoja kutoa pongezi, na mama mtu anaanza kuitwa Mama Daktari. Kumbe huenda kijana mwenyewe, huko aliko, hapati usingizi.

Nafasi za upasuaji huko ni za aina mbili. Ya kudumu humchukua daktari miaka 5 mfululizo, hadi afikie mtihani wa ubingwa. Ya muda ni ya mkataba wa mwaka 1 tu. Wenye nafasi hizi wote huanza kazi karibu na Julai 1, hukesha katika wodi zilezile na kushika sindano na nyuzi zilezile. Mwaka ukiisha, mmoja hupanda darasa, mwenzake hufunga virago.

Wapo wanaoichukua nafasi ya muda bila wasiwasi, kwa kuwa wameshapata kiti katika fani nyingine, kama ya eksirei au nusukaputi, na wanatakiwa kutumikia mwaka mmoja kwanza. Taabu ni ya yule anayeutaka upasuaji wenyewe na hakuambulia ila hiyo. Wengi waliosomea udaktari nje ya Marekani hujikuta humo.

Hebu fikiria simu ya kwenda nyumbani.

"Mwanangu, si ulisema umeshaingia?"

"Nimeingia, Mama, lakini nimepewa kigoda cha kuazima."

Atakipataje cha kwake? Njia moja ni kuomba upya. Maombi hupelekwa Septemba, na majibu hutoka juma la tatu la Machi: Jumatatu unaambiwa kama umepata, Ijumaa unaambiwa ni wapi. Hapo pana mtego. Barua za madaktari wakubwa wanaomsifu zinahitajika Septemba hiyohiyo, naye ana miezi miwili tu wodini! Anayengoja azoee kwanza, amechelewa.

Njia ya pili haitangazwi sana. Kila mwaka wapo wenye nafasi za kudumu wanaoacha upasuaji, kwa uchovu au kwa kupenda fani nyingine, na viti vyao hubaki wazi. Mkuu wa mafunzo hupenda kumtazama kwanza yule anayemjua: aliyefika mapema, aliyewaandikia wagonjwa habari zao bila kosa, asiyeficha alipokosea. Kisha kuna mtihani wa mwishoni mwa Januari ambao wakurufunzi wa upasuaji nchini kote hufanya. Alama zake zina uzito, na kuusomea huku sheria ikikuruhusu kufanya kazi hadi saa 80 kwa juma si mchezo.

Juu ya hayo kuna viza. Wageni wengi huwa na ile iitwayo J-1, iliyofungwa na mafunzo yenyewe. Mafunzo yakimalizika pasipo mkataba mwingine, mtu ana siku 30 za kuondoka. Ndiyo maana naona ni heri nyumbani waambiwe ukweli tangu Julai, kabla hawajaanza kuhesabu dola ambazo hazijulikani kama zitakuja mwaka wa pili.

Na mama wa Mashimoni anaweza kuuliza swali lake: "Kwani hapa Kenyatta hawafundishi?"

Wanafundisha. Hospitali hiyo iko mwendo mfupi kutoka Kibera, na Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza humo shahada ya uzamili ya upasuaji. Tangu 1999 kipo pia chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kinachowafunzia wanafunzi wake katika hospitali mbalimbali. Humo nako kuna hatua mbili: miaka 2 ya mwanzo na mtihani wake, kisha mingine 3 kwa upasuaji wa jumla. Aliyevuka ya kwanza bado hana budi kupata hospitali iliyoidhinishwa itakayompokea kwa ya pili.