Kilwa Kivinje, Mji wa Deni

Kati ya 1862 na 1867 vitabu vya forodha vya Kilwa Kivinje viliandika watumwa 97,203. Kati yao, 76,703 walipelekwa Unguja na 20,500 kwingineko. Hao ni wale waliolipiwa ushuru tu. Waliopitishwa usiku kwa magendo kwenye vijito vya mikoko hawamo katika hesabu hiyo, wala walioanguka njiani kabla ya kuiona bahari. Mji mmoja wa kusini, miaka mitano, na idadi ya watu ya kujaza manispaa nzima ya leo.

Wanaoandika habari za Kilwa kwa kawaida huishia Kilwa Kisiwani. Huko yapo magofu ya Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, huko alifika Ibn Battuta mwaka 1331, na magofu hayo yameingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981. Kivinje, uliopo bara upande wa kaskazini, hupewa aya moja: ulikua kwa utumwa, utumwa ukapigwa marufuku, ukafa. Mimi naona aya hiyo inatupotosha. Ukiitazama historia ya mji huu kwa karibu utaona kwamba kudhoofika kwake kulianza siku zile zile ulipokuwa na fedha nyingi kuliko wakati wowote, na kwamba marufuku ilikuwa pigo moja tu kati ya mengi. Sisi tunaoishi Nyahanga, hapa Kahama, tuna sababu ya kuijua habari hiyo vizuri, ingawa bahari iko mbali nasi sana.

Kisiwani ilikuwa imekwisha kuchoka karne ya 18 ilipofika mwisho. Mwaka 1776 Sultani wake aliwekeana mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kwa mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Miaka michache baadaye Waomani wakarudisha mamlaka yao, na katika miaka ya 1840 Sultani wa mwisho wa Kilwa akapelekwa Maskati, asirudi tena. Biashara yenyewe ilikuwa imehamia Kivinje zamani, kwa sababu misafara ya Wayao na Wabisa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilifika pale kwa miguu bila kuhitaji kuvuka maji. Bandari yake ilikuwa mbaya. Maji yakipwa, mbele ya mji hubaki tope na mikoko, na chombo kikubwa hulazimika kutia nanga mbali. Majahazi yaliweza kuivumilia hali hiyo, ila meli za mvuke zilizokuja baadaye hazikuweza.

Mmisionari Krapf alipopita mwaka 1850 alikadiria wakazi kati ya 12,000 na 15,000, na akauona kuwa mji mkubwa kuliko yote kati ya Msumbiji na Unguja. Juu ya wote alikaa liwali wa Seyyid Said wa Unguja. Ushuru wa forodha ulikuwa mikononi mwa Wahindi waliofanya kazi chini ya nyumba ya Jairam Shivji, tajiri wa Kikachi aliyekodi forodha za Sultani. Walikuwepo Waarabu wenye misafara na mashamba, na wenyeji wa nasaba za Kishirazi waliojivunia ukoo na elimu ya dini huku fedha zikiwapita. Misafara ya Wayao ilikuja na pembe za ndovu, tumbaku na watu, ikapiga kambi, ikarudi na nguo, shanga, baruti na bunduki. Na walikuwepo watumwa wa mji wenyewe: wajakazi wa majumbani, vibarua waliokodishwa na mabwana zao, wazalia waliozaliwa pwani na kuongea Kiswahili kama bwana, na wageni waliofikishwa jana ambao kila mtu aliwaita wajinga. Ngazi hizo zilipangwa kwa ukali. Mzalia alijitahidi sana asifananishwe na mateka mpya, maana tofauti yao ndiyo iliyokuwa ngao yake pekee.

Kilichoufunga mji huo pamoja kilikuwa deni. Mwenye msafara hakuwa na mtaji wake. Alichukua majora ya merikani na kaniki kwa mkopo kwa Mhindi wa Kivinje, naye Mhindi alikuwa amekopa kwa tajiri wa Unguja, na wa Unguja alikuwa na hesabu zake Kachi na Bombay. Kila mkono ulipandisha bei kidogo. Msafara uliporudi, pembe na watu walikuwa wamekwisha kuahidiwa kabla ya kufika, na faida ikapanda jahazi pamoja na shehena. Kule bara nako mnyororo uliendelea. Jumbe aliyepokea nguo na baruti alipaswa kulipa kitu, na pale pembe zilipokuwa haba alilipa watu.

Kuna binti mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa, jambo ambalo wengi katika wale 97,203 hawakulipata. Jina lake Swema, Myao. Baba yake alikufa, mama akabaki mjane mwenye deni dogo asiloweza kulilipa. Msafara ulipopita kijijini, mdai alimchukua mtoto kuwa malipo. Mama akaomba amfuate binti yake. Njiani akaishiwa nguvu, akaachwa. Swema alifikishwa Kilwa, akapakiwa kwenda Unguja katika hali mbaya kiasi kwamba alihesabiwa kuwa maiti na kufukiwa. Aliokolewa kaburini akiwa hai, akapelekwa kwa wamisionari Wakatoliki, na hao ndio walioandika maelezo yake katika miaka ya 1860. Deni la mjane mmoja wa Uyao, tukilifuata ngazi kwa ngazi, linatufikisha kwenye daftari la tajiri ambaye hakuwahi kuiona sura ya Swema.

Hapo ndipo naona chanzo cha anguko. Mji wa bandari huishi kwa bara iliyo nyuma yake, na Kivinje ilikuwa inaondoa watu katika bara hiyo. Wale waliopitishwa forodhani walikuwa wakulima, wafuaji chuma, mama za watoto, vijana ambao wangelima na kununua nguo miaka ishirini mbele. Mpelelezi Livingstone, alipopita njia ya Ruvuma mwaka 1866, alikuta vijiji vimeachwa na maiti zimefungwa kwenye miti. Kila mwaka misafara ilibidi iende mbali zaidi kuliko mwaka uliopita, gharama zikipanda na deni likikua.

Linganisha na njia ya kati, ile iliyopita Unyanyembe hadi Bagamoyo. Utumwa ulikuwepo huko pia, tena mwingi. Lakini Wanyamwezi walikwenda pwani kama wapagazi wa kulipwa, maelfu kila kiangazi, wakarudi na nguo na ng'ombe. Sehemu ya fedha ilirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye njia ya Kilwa, baadhi ya waliobeba pembe waliuzwa pamoja nazo.

Hata afya ya mji ilieleza mengi. Kipindupindu kilipopiga pwani, wapelelezi Burton na Speke walifika Kilwa mwanzoni mwa 1859 wakakuta maiti ufukweni. Mji wa fedha nyingi namna ile haukuwa na utaratibu wa kuzika wafu wake. Waliokufa kwa wingi zaidi walikuwa wale wasio na mtu wa kuwaulizia.

Mapigo ya nje yalianza na kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza na balozi wao John Kirk, Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Kivinje haikuanguka. Misafara iligeuzwa ikafuata nchi kavu kuelekea kaskazini. Frederic Elton, ofisa wa Kiingereza aliyetembea njia hiyo, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopita katika mwezi mmoja tu, Desemba 1873 hadi Januari 1874. Barghash alipokataza na misafara ya nchi kavu mwaka 1876, mji bado uliendelea: mpira wa porini, sandarusi, ufuta na nafaka vilichukua nafasi, na watumwa wasioweza kuuzwa nje waliwekwa mashambani. Kwa hiyo wanaosema marufuku ndiyo iliyoua Kivinje wanaipa marufuku sifa isiyo yake. Tatizo ni kwamba mpira na sandarusi navyo vilichumwa tu, vikapakiwa. Kwa karibu karne nzima mji ulipitisha mali, na sioni kazi moja kubwa ya mikono iliyoanzishwa pale kwa faida ile, ya kuendelea siku forodha itakapokosa shehena.

Kisha wakaja Wajerumani. Septemba 1888 watu wa Kilwa waliwaua maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani, Hessel na Krieger, waliokataa kuondoka. Mei 1890 majeshi ya Kijerumani chini ya Wissmann yaliutwaa mji. Hassan bin Omari Makunganya alipigana nao mpaka aliponyongwa mwaka 1895 juu ya mwembe ambao hadi leo unakumbukwa kwa jina la Mwembe Kinyonga. Makunganya tunamheshimu kama shujaa, nami namheshimu. Lakini ukweli utajwe pia kwamba alikuwa mtu wa misafara, na sehemu ya alichokitetea ilikuwa biashara ya watu. Miaka kumi baadaye, Julai 1905, Wamatumbi wa vilima vya nyuma ya Kilwa waling'oa pamba ya kulazimishwa, na vita ya Majimaji ikawaka. Vita hiyo na njaa iliyofuata ziliua watu ambao makadirio mengine yanawafikisha 300,000. Bara ya Kilwa, iliyokuwa imepungukiwa watu kwa miaka mia, ilipigwa mara ya pili.

Yaliyobaki yanaelezeka haraka. Makao makuu ya koloni yalikuwa Dar es Salaam tangu 1891. Reli ya Kati ilianza kujengwa huko 1905 ikafika Kigoma 1914. Reli ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa ilipimwa, haikujengwa. Katikati ya karne ya 20 hata ofisi za wilaya zilihamia Kilwa Masoko, kwenye maji ya kina. Kivinje zimebaki nyumba za mawe ya matumbawe zilizotandazwa boriti za mikoko, nyingi zikiwa zimefumuka dari, mvua ikipiga chokaa moja kwa moja. Lipo boma la Wajerumani linalotazama bahari. Ipo hospitali ya wilaya iliyopewa jina la Kinyonga. Wavuvi wapo, na ufuta wa Kilwa unauzwa, kwa hiyo wasiseme watu kwamba mji umekufa. Umepungua ukabaki na kile ambacho watu wake wanakizalisha wenyewe.

Sasa nirudi kwetu Kahama, kwenye migodi ya dhahabu. Dhahabu si utumwa, na anayevifananisha anawakosea heshima akina Swema. Ninachofananisha ni mpangilio wa fedha. Mgodi wa Buzwagi, pembeni mwa mji wetu, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukasimama 2021. Miaka kumi na miwili. Kwa umri wa mji hicho ni kipindi kifupi sana. Kivinje ilipewa karne nzima na bado haikutosha. Mzigo ulioondoka Buzwagi ulikuwa mzito wa thamani na mwepesi wa kubeba, kama pembe. Mtaji ulitoka mbali na faida ikarudi mbali. Kwa wachimbaji wadogo nako, ukikaa karibu na karasha lolote la kusaga mawe utausikia mnyororo ule ule: mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, amekopeshwa na mfadhili, mfadhili amekopeshwa na mnunuzi, na mchimbaji anayeshuka chini hana hakika atapata mifuko mingapi ya mawe baada ya wote kukata chao.

Tuna bahati moja ambayo Kivinje haikuwa nayo. Bara yetu bado ina watu. Mpunga unalimwa, ng'ombe wapo, barabara ya Rwanda na Burundi inapita hapa, na bandari kavu ya Isaka iko jirani. Kahama inaweza kuishi bila mgodi, ilimradi fedha iliyopatikana enzi za mgodi iwe imegeuzwa kuwa maghala, vinu, karakana na shule za ufundi, zenye kudumu mikononi mwa wenyeji.

Halmashauri zetu hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mauzo ya migodi, na hesabu zake zinapaswa kuwa wazi kwa mwananchi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Mwulizeni diwani wenu fedha ya Buzwagi ilijenga nini, kiko wapi, na ya mgodi wa Bulyanhulu inajenga nini sasa, wakati mgodi huo ungali unafanya kazi.