Mshipi Hufuata Mwezi

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu kuvua mshipi, katika bustani ya Mama Ngina hapa Mombasa, nilirudi na aibu. Niliichagua Jumapili kwa kuwa sina kazi siku hiyo. Kumbe ulikuwa mwezi 15, bamvua! Maji yalipita mlango wa Kilindini kwa kasi hata chubwi haikutua. Ndoana tatu zikabaki miambani, na kitinda mimba wangu akaapa harudi tena.

Ami yangu, mvuvi tangu utotoni, alicheka. "Mwanangu, wewe wafuata kalenda ya afisi. Bahari yafuata mwezi."

Akanieleza. Mwezi mosi na mwezi 15 maji hujaa sana, kwenye saa 10 alasiri. Mwezi 8 ni maji mafu: hayana nguvu, na hujaa kwenye saa 4 asubuhi. Basi anayejifunza na aende siku hizo, atoke baada ya chai, arudi kabla ya adhuhuri.

Shule zilipofungwa nikaomba ruhusa kazini, tukaenda mwezi 8. Kila mtoto mshipi mwembamba, ndoana ndogo, chambo kamba; na mama yao macho kwenye ukingo, maana pale ni majabali. Niliwaonya: tafi asishikwe kwa mkono mtupu, miiba yake ina sumu, na bunju haliwi.

Tulipata changu wawili, wadogo wa kutia huruma. Wote aliwavua kitinda mimba. Jioni alimpelekea ami yangu mmoja kwa sahani, na kabla hajaketi akamwuliza mwezi 22 utaangukia siku gani.