Mpinzani Mdogo, Tumpange Nani?

Kila tukichagua timu ya watoto ya kutoka hapa Dzaleka kwenda kucheza Area 25, tunabishana: wapinzani wakiwa wanyonge, tupumzishe wakali wetu?

Tukumbuke kriketi, ule mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Tarehe 29 Februari 1996, kule Pune, India, Kenya ilikutana na West Indies, mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979. Kenya ilipata mikimbio 166 tu. West Indies walimpanga hata nyota wao Brian Lara, akatoka na mikimbio 8. Timu nzima ikaishia 93!

Kumbe jina halipigi mpira. Sisi tunaona hivi: siku ya mpinzani mdogo, tuingize watoto wawili watatu wa benchi, wakali wengine wabaki kuwaongoza. Lakini tuwaambie, "Mumechaguliwa kwa sababu ya mazoezi yenu." Mtoto anayepangwa siku za urahisi tu anajua kabisa hatumwamini, na kesho haji tena.

Na wapinzani tuwaheshimu. Mdharau mwiba mguu huota tende.