Mbwana wa Mbagala na Timu Zake Nyingi

Daladala ikiondoka kwa Azizi Ali, ikapita Mtongani, Misheni na Kizuiani, haichukui muda kufika Mbagala. Huko ndiko alikokulia Mbwana Ally Samatta, aliyezaliwa Desemba 23, 1992. Nawakumbusha hilo wanangu wa Mtoni ili mumsikie kama mtoto wa jirani, maana huyu mnayemwona kwenye mabango alipita barabara hiihii ya Kilwa mnayovuka kila siku mkienda shule.

Nawasikia mnavyobishana mkitoka kucheza chandimu. Mmoja anasema Samatta alifika juu kabisa alipokwenda Aston Villa, halafu akaporomoka. Mwingine anazihesabu timu zake kwa vidole, vidole vinakaribia kumwishia, anasema mchezaji wa maana hahamihami hivyo. Mimi nawapinga wote wawili, tena nawapinga kwa moyo mmoja. Mchezaji huhama kwa kutafuta mahali atakapochezeshwa. Anayekaa benchi kwenye timu kubwa anabaki kuwa mtazamaji aliyevaa jezi, na miaka ya mpira ni michache. Ngoja niwasimulie safari yake yote, maana nyinyi mmeiona vipande vipande.

Alianza na Mbagala Market, timu ambayo baadaye ikaitwa African Lyon. Mwaka 2010 akachukuliwa na Simba. Hapo Msimbazi hakudumu, lakini kilichotokea mwaka 2011 kinafaa kuelezwa polepole.

Mwaka huo Simba walipangiwa TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe walikuwa moto wa kuotea mbali. Walikuwa wamelibeba kombe hilo mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, walikofungwa na Inter Milan. Simba wakafungwa 3-1 kule, wakafungwa 3-2 hapa Dar es Salaam. Mashabiki walirudi nyumbani wameinamisha vichwa, lakini viongozi wa Mazembe waliondoka na jina la kijana mmoja mwembamba wa Simba vichwani mwao.

Kisha likaja jambo ambalo wengi wenu hamjawahi kusimuliwa. Simba walikata rufaa. Mazembe walikuwa wamemchezesha Janvier Besala Bokungu, mchezaji aliyewahi kuwa Espérance ya Tunisia, na usajili wake ulikuwa na kasoro. Shirikisho la Afrika, CAF, likaangalia makaratasi, likawatoa Mazembe mashindanoni. Mabingwa watetezi wakaondolewa kwa sababu ya karatasi! Simba wakapewa nafasi ya kucheza na Wydad Casablanca mjini Cairo, wakafungwa 3-0. Kumbukeni kisa hiki, maana mtu anaweza kuhama kwa miguu yake na mizigo yake yote, lakini mpira haumtambui mpaka karatasi zake nazo zihame.

Mwaka huohuo, Samatta akiwa na miaka 18, Mazembe wakamsajili. Umri huo una maana yake. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia timu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wanapohama kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Kwa hiyo mtu akija mtaani, iwe Mtoni au Tandika, akamwambia mama yako atoe hela ili wewe wa miaka 14 ukafanyiwe majaribio Ulaya, mwambie mama azishike hela zake na akaulize kwanza TFF, shirikisho letu la mpira. Watoto wengi wa Afrika wamepelekwa ugenini kwa ahadi za namna hiyo, wakaachwa huko bila timu, bila nauli ya kurudi. Hili linaniuma na ndiyo maana nalisema kwa sauti.

Lubumbashi alikuwa na kijana mwingine wa Kitanzania, Thomas Ulimwengu. Walifikia mji ambao watu wake wanaongea Kiswahili, ingawa ni cha kwao chenye ladha ya Katanga, na bila shaka hilo liliwarahisishia maisha. Lakini uwanjani hakuna aliyewahurumia. Mazembe ilikuwa na Wakongo, Wazambia, Waghana, Wakodivaa, kila mmoja anataka namba. Samatta alikaa pale karibu miaka mitano. Wanaosema alikuwa mtu wa kuhamahama wanairuka miaka hiyo mitano, wakati ndiyo iliyomjenga.

Malipo yake yalikuja 2015. Mazembe wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza, Algiers, Mazembe wakashinda 2-1 na Samatta akafunga kwa penalti. Novemba 8 wakarudiana Lubumbashi. Dakika zikaenda, hakuna goli, hadi dakika ya 75 ikapatikana penalti nyingine. Fikirieni uzito wake: uwanja mzima umesimama, fainali ya Afrika, na mpira amewekewa mtoto wa Mbagala. Akaitia. Roger Assalé akaongeza la pili mwishoni, kombe likabaki Lubumbashi. Samatta akamaliza mashindano hayo akiwa miongoni mwa vinara wa mabao, akiwa na saba.

Januari 2016, mjini Abuja, akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Hapakuwa na mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata tuzo hiyo. Aliyemfuatia kwa kura alikuwa Robert Kidiaba, kipa wa Mazembe, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka akiwa amekaa chini.

Sasa angeweza kwenda popote, ndivyo mnavyodhani. Alikwenda Genk, mji mdogo wa mashariki mwa Ubelgiji, katika dirisha dogo la Januari, baridi ikiwa kali. Kwa nini Genk? Kwa sababu klabu ile inajulikana kwa kazi moja: inachukua vijana, inawachezesha, kisha inawauza wakiwa wameiva. Thibaut Courtois alitoka pale, Kevin De Bruyne vilevile, Kalidou Koulibaly alipita, na Wilfred Ndidi aliuzwa Leicester Januari 2017 Samatta akiwa mwenzake kikosini. Mimi naona huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote aliyoyafanya.

Agosti 2018 alifunga matatu peke yake dhidi ya Brøndby ya Denmark katika Europa League. Msimu huo wa 2018/19 Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Kisha ikaja Ligi ya Mabingwa Ulaya. Oktoba 23, 2019, Genk wakiwa nyumbani dhidi ya Liverpool, Samatta alipiga kichwa mpira ukaingia, watu wakashangilia, halafu VAR ikasema mwenzake Junya Ito alikuwa ameotea. Goli likafutwa. Haikupita hata wiki mbili, Novemba 5, wakarudiana Anfield. Ikapigwa kona, Samatta akaruka, akapiga kichwa tena, na safari hii hakuna mashine iliyomzuia. Genk walifungwa 2-1, lakini bao la Mtanzania Anfield limeandikwa.

Mwanzo wa Januari 2020, Wesley, mshambuliaji Mbrazili wa Aston Villa, akaumia vibaya goti kule Burnley. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja na sasa hawana straika. Januari 20 wakamtangaza Samatta. Mtu mmoja anaumia England, na maisha ya mwingine Ubelgiji yanabadilika. Nafasi nyingi za mpira huja hivyo, kwa msiba wa mwenzako, na hupewa aliye tayari siku hiyohiyo. Hata hivyo ilibidi kwanza kibali cha kazi kipatikane, na Uingereza haikitoi hivi hivi kwa mchezaji wa nchi iliyo chini kwenye orodha ya FIFA.

Mwezi huohuo, kwa mlio na hamu ya kujua ya wengine, Marekani walikuwa wanamshangilia kijana aitwaye Joe Burrow. Kule wana mpira wao wa kubeba mikononi, na vyuo vikuu vina timu zinazojaza viwanja kuliko Uwanja wetu wa Mkapa. Burrow alikuwa chuo cha Ohio State, akasugua benchi, na mwaka 2018 akahamia LSU kule Louisiana ili apate kucheza. Mwaka 2019 akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo vyote, Januari 13, 2020 akabeba ubingwa, na Aprili akawa wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa. Angebaki alikokuwa, nani angemjua?

Tukirudi kwa wetu, Februari 1 Samatta aliifungia Villa goli kwenye mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya England, ugenini Bournemouth. Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile, na wa kwanza kufunga goli humo. Machi 1 ikawa fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, dhidi ya Manchester City. City walishatangulia 2-0. Dakika ya 41, Anwar El Ghazi akaikata krosi. Krosi ilikuja chini, chini mno kwa kichwa cha kawaida, na ya juu kidogo kwa mguu. Samatta hakungoja iamue. Alijirusha mbele, mwili umelala hewani, akaikutanisha na paji la uso, ikampita kipa Claudio Bravo. Villa walifungwa 2-1. Usiku ule Dar es Salaam watu walishangilia goli la timu iliyofungwa.

Baadaye kidogo korona ikasimamisha ligi. Iliporudi Juni, Samatta hakufunga tena. Villa walinusurika kushuka siku ya mwisho ya msimu, na Septemba wakamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford kwa pesa nyingi. Nafasi ikaziba. Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo, wenye sharti la kununuliwa baadaye. Kupelekwa kwa mkopo maana yake timu moja inabaki na mkataba wako, nyingine inakutumia kwa muda. Vijana wengi mnalichukulia neno mkopo kama aibu. Mkopo ndio uliompeleka Antwerp mwaka 2021, na ukamrudisha Genk mwaka 2022, nyumbani kwake pa zamani.

Msimu huo wa marudio ulikuwa na uchungu wake. Juni 4, 2023, siku ya mwisho ya ligi, Genk wakiwa uwanjani kwao walikuwa wanaushika ubingwa kwa mkono mmoja. Dakika za nyongeza Toby Alderweireld akapiga shuti kali kutoka mbali, ubingwa ukaenda Antwerp, timu ileile aliyotoka Samatta mwaka uliotangulia.

Nina jambo la hesabu kabla sijamaliza, nanyi mnaosema hesabu ni za darasani tu mtegee sikio. Mchezaji akiuzwa nchi nyingine akiwa na mkataba, asilimia 5 ya bei yake hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Tuseme ameuzwa shilingi milioni 100. Milioni 5 zinawekwa kando. Kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya shilingi 250,000, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una thamani ya 500,000. Jumlisheni wenyewe mtaona inatimia. Sasa weka bei za Ulaya mahali pa hiyo milioni 100, uone klabu ndogo ya Temeke ingeweza kununua nini: mipira, viatu, pengine hata kiwanja. Lakini fedha hizo hufuata usajili. Timu ya mtaani isiyoandikishwa, yenye kocha anayewafahamu wote kwa majina ya utani na hana karatasi hata moja, haina cha kudai hata kama imemlea Samatta mwingine. Kwa hiyo kocha akiwaomba vyeti vya kuzaliwa, msimwone msumbufu, na asiwepo wa kupunguza umri.

Mwaka 2023 Samatta akasajiliwa na PAOK ya Thessaloniki, Ugiriki. Alikuwa amekaribia miaka 31, umri ambao mabingwa wa mabishano ya vijiweni walikuwa wameshamstaafisha. Msimu huo PAOK walifika robo fainali ya Conference League, na Mei 19, 2024 wakaenda kwa wapinzani wao wa mji uleule, Aris, wakashinda 2-1 na kuchukua ubingwa wa Ugiriki. Ukiunganisha na ule wa Genk na mataji ya Lubumbashi, ni bingwa wa ligi katika nchi tatu. Agosti 2025 akavuka tena, safari hii Ufaransa, Le Havre. Kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars alikuwa amekivaa kwa miaka mingi, na Juni 27, 2019, kwenye AFCON yetu ya kwanza tangu 1980, aliifunga Kenya mjini Cairo akiwa nacho mkononi. Tulifungwa 3-2 siku ile. Kati ya goli lile na usajili wa Le Havre alikuwa ameshavaa jezi za klabu tano.